Nyumba Zilizochukuliwa kwa Karatasi

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Laeken, huku Ulaya. Nimemwogesha Monsieur Arnaud, mzee ninayemtunza, nimemnyoa. Mfaransa huyu ana miaka themanini na sita. Ananitajia niandike maisha yake ya kazi: karani, mkuu wa ofisi, kisha Ujerumani baada ya vita, Wafaransa walipokalia mji mmoja kule. Yeye ndiye aliyewatoa wenyeji majumbani ili maofisa walale. Nyumba mia tatu na kumi na mbili! Namba anazikumbuka. Majina ya watu, hapana.

Jumatano, 6 Oktoba
Amenigundua. Nilipomaliza orodha nilipiga mstari wa mshazari hadi chini ya ukurasa, mtu asiongeze nyumba. Mkono ulijiendea wenyewe. Akacheka hadi akakohoa. Eti mwalimu wa shule, kama nilivyomwambia, hafanyi hivyo. "Wewe ni mtu wa ofisi kama mimi," akasema. "Ulimtumikia nani?"
Nikasema supu inapoa.

Alhamisi, 7 Oktoba
Bon, niandike hapa tu. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa katibu wa mji wetu, kule Kivu. Askari wa kigeni walipoingia mwaka jana nilibaki mezani. Wao walichagua nyumba, mimi niliandika karatasi, nikagonga mhuri. Nyumba arobaini na moja. Ndani ya saa mbili kila familia iwe imetoka.
Kwenye fomu ya ukimbizi nimeandika: mwalimu. Mahojiano ni Jumanne. Wakijua niliwafanyia kazi wale askari, basi, tumekwisha.
Monsieur Arnaud alipandishwa cheo mara tatu. Na medali. Anasema lazima awepo mtu wa kushika daftari. Maneno hayohayo nilimwambia mke wangu, Mignonne. Neno kwa neno!

Jumapili, 10 Oktoba
Kanisani, Anderlecht. Mwanamke akanishika mkono — Maman Pétronille, wa nyumba ya kona, mojawapo ya zile arobaini na moja. Nilingoja anitemee mate. Akalia kwa furaha, akiuliza kama kweli ni mimi, katibu wao.
"Secrétaire! Njo weye? Uko muzima!"
Nikauliza mumewe yuko wapi. Alirudi kuchukua godoro, hakuonekana tena.
Mahojiano yake ya pili ya ukimbizi ni kesho. Ofisi ileile itakayonihoji mimi haiamini kwamba alitolewa nyumbani, na karatasi yangu ya kumtoa ilipotea njiani. "Njo weye uliandikaka ile karatasi, papa. Uniandikie ingine. Na kazi yako uweke, waone ni mukubwa alisema."

Saa kumi jioni. Yuko sebuleni kwetu. Mignonne amempa chai, haniangalii. Nimeandika tarehe, jina lake, jina la mtaa. Limebaki jina langu, na kazi yangu. Kisha nikaja huku chumbani. Nimesema natafuta miwani.
Anaita: "Secrétaire! Miwani iko hapa, juu ya meza."