Kwanza Uliza Uko Wapi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na wapwa wangu wote. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba wanafunzi wako wa chuo hawakukondeshi kama walivyokukondesha mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula vizuri, na bado anabishana na redio. Kila Jumapili huniuliza kwa nini hupigi simu, nami humjibu kwamba una kazi nyingi. Jumapili iliyopita alisema kwamba kazi haijapata kumfunga mtu mdomo, na kama sisi wawili tumenuniana, basi tukanuniane mbali na yeye.

Utaona mwandiko wangu unayumba. Usidhani ni uzee, ingawa uzee nao upo. Sababu nitaifikia.

Nakuandikia nikiwa mezani kwangu kazini, saa ya mapumziko, na nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka nilipokuwa nikisahihisha kurasa mia kwa siku. Chumba chetu unakijua: meza tatu, dirisha linalotazama ukuta wa ghala la karatasi, na feni inayolalamika bila kupuliza. Tumo watatu kama zamani. Kuna mimi, kuna yule mama ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi, na kuna mwenzetu Mpole, aliyepewa jina hilo siku bunda la karatasi lilipomwangukia vidoleni naye akaomba radhi. Kazi yetu ni ileile, kusoma kila ukurasa kabla haujachapwa. Kilichobadilika ni njia ya kuupata. Zamani uliletwa kwenye trei. Sasa kurasa zote zimo katika kompyuta kubwa iliyoko chini, na kompyuta hiyo haina picha za kubofya. Unaiandikia amri, nayo inakujibu kwa maandishi meupe juu ya kioo cheusi. Ukikosea, haikuelekezi. Inasema tu kwamba hakuna kitu kama hicho, kisha inakaa kimya ikikusubiri.

Mkurugenzi alitueleza mapema kwamba fundi wa mitambo angekuja kutupima. Atakayeweza kuuchukua ukurasa na kuurudisha mahali pake angebaki chumbani, na atakayeshindwa angehamia ghalani kufunga vifurushi. Kisha akanigeukia mimi, mkuu wa chumba, akasema kwamba kwa kuwa hakuna anayejua vitabu kunishinda, nichague kimoja cha wanaoanza, nacho kingenunuliwa kwa ajili yetu sote.

Hapo ndipo nilipokuomba ushauri, nawe ukaniletea kile ulichowaandikia wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, cha fotokopi, chenye jalada la buluu na waya wa plastiki mgongoni. Nilikiweka kando ya kingine nilichokipata dukani, chenye jalada gumu, faharasa, na maelezo chini ya kila ukurasa. Nilivilinganisha kwa haki, au ndivyo nilivyodhani. Chako kilianza kwa kumwambia msomaji asiogope, mashine haing'ati na haijapata kumla mtu. Kisha kikamwambia afikirie nyumba yenye vyumba vingi, na kwamba kabla ya kutafuta chochote aandike herufi tatu, pwd, ili mashine imwambie amesimama chumba gani. Ukasisitiza kwamba afanye hivyo kila mara, hata akijiona anajua. Kile kingine kilianza kwa kueleza maana ya mfumo, aina za mifumo na historia yake, hatua kwa hatua, bila kosa hata moja. Niliamua kwamba kitabu kinachocheka na msomaji katika ukurasa wa kwanza kitampoteza kabla ya wa kumi. Barua niliyokuandikia unaikumbuka. Nilisema kazi yako ni maongezi ya kibarazani, si kitabu. Ulinijibu kwamba umesikia, basi. Tangu hapo ni kimya.

Tukaanza masomo. Mimi nilikuwa nikisoma kwa sauti, wao wakinakili. Ndivyo nilivyofundishwa mimi na ndivyo nilivyowafundisha watu lugha: kanuni kwanza, midomo baadaye. Niliwakataza kugusa kibodi mpaka tumalize sura ya nane. Mpole aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Shangazi aliniuliza kama kuogelea nako nilijifunza kitandani, nikamwambia aache mzaha. Wakati fulani aliniuliza tena, kwa upole usio wake, kama babu yake mwandishi wa kitabu hiki naye tutasimuliwa habari zake kabla hatujafika kwenye amri yenyewe. Mpole alikohoa sana siku hiyo.

Asubuhi moja katikati ya masomo hayo, meza yangu ilianza kuyumba. Nilikunja kipande cha boksi, nikakisukumiza chini ya mguu, nikaendelea na sura.

Siku ya kupimwa, fundi alikuja. Ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Alitupa kazi moja sote, tuutafute ukurasa fulani, tutengeneze nakala yake, kisha tuipeleke nakala hiyo kwenye folda ya kazi zilizokamilika. Shangazi alikaa, akanong'ona na kioo kama anayemsalimia jirani, akamaliza. Mpole naye akamaliza, akaomba radhi kwa kuchelewa, na hakuwa amechelewa.

Nikakaa mimi. Mdogo wangu, ningeweza kumweleza fundi yule maana ya kila herufi niliyoiandika. Niliandika amri ndefu, sahihi, kama ilivyo kitabuni. Ikanijibu kwamba hakuna faili kama hilo. Nikairudia polepole zaidi. Hakuna. Nikaikagua herufi kwa herufi kama ninavyokagua ukurasa, nikaona haina kasoro, nikairudia tena. Shangazi alikuwa nyuma yangu akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyeumwa jino. Mwisho fundi aliniambia kwa heshima kwamba amri yangu ni nzuri kabisa, ila, mzee wangu, uko folda nyingine. Nilikuwa nimesimama jikoni nikitafuta kitanda, na kwa muda wote ule sikuuliza niko wapi.

Nimeshindwa. Hilo ndilo neno lake na sitalipamba. Fundi atarudi mwisho wa mwezi kunipima mara ya pili, na nikishindwa tena nitahamia ghalani. Mama bado sijamwambia.

Walipoondoka wengine, Shangazi alibaki. Alifungua mkoba wake akatoa kitabu cha jalada la buluu, kimekunjamana, kina alama ya mviringo iliyokandamizwa katikati ya jalada. Aliniambia kwamba amekuwa akikisoma na Mpole saa za chakula, na kwamba walikuwa wakijaribu kila kitu kwenye kompyuta ya mapokezi. Aliomba nisimkasirikie, maana alikichukua bila ruhusa. Sikuhitaji kumuuliza alikichukua wapi. Ile alama ya mviringo ni ya mguu wa meza yangu. Mguu mmoja ni mfupi, nacho kitabu chako kilikuwa na unene uleule uliopungua. Nilikiweka hapo siku ileile nilipokuandikia barua.

Nimefikiri nikufiche jambo hili, na Shangazi alisema nifiche, kwamba kuna ukweli ambao haumjengi mtu. Lakini nimekusahihisha tangu ulipokuwa ukishika penseli kwa ngumi, na sitakupa leo habari iliyofutwa kipande. Kitabu chako kimewabakiza watu wawili kazini. Changu hakikumbakiza hata aliyekichagua.

Tangu jana nakisoma mimi. Nimefika ukurasa wa sita. Kalamu nyekundu nimeifungia kwenye droo, na ufunguo anao Shangazi, ambaye anasema hataurudisha hata nikilia. Hiyo amri yako ya kwanza naiandika kila ninapokaa, hata nikijiona najua. Katika ukurasa wa tano kuna zoezi la kuhama chumba na kurudi ulikotoka. Nimelirudia mara nyingi, kuhama naweza, kurudi bado napotea. Kama hujanichoka, nieleze kwa maneno yako mwenyewe, na usiyapige pasi kwa ajili yangu. Ukiona kupiga simu ni rahisi zaidi, piga Jumapili. Mama ndiye atakayepokea, naye atakuwa na mengi ya kukuambia kabla hajanipa zamu yangu.

Wasalimie wote nyumbani, na shemeji mwambie lile shoka lake ninalo, halijapotea. Uniwie radhi pia kwa mwandiko. Kile kipande cha boksi kimeshabonyea, meza inacheza kila ninapoanza neno jipya, na kitabu kinene nimekijaribu chini ya mguu. Kinazidi.

Mimi kaka yako,
ambaye bado anajifunza.