Leseni Iliyorudi Emali Peke Yake

Francistown, Botswana

Kwa Mwaitu, mama mkwe wangu mpendwa,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo ili mwenye duka anayekusomea alisome kwanza, hata kabla ya salamu. Sasa nakusalimu katika Bwana. Goti linaendeleaje baada ya safari ile? Mvua imefika Emali?

Ndugu yangu Kioko ameniandikia yote, na sasa najua ulivyotaabika kwa ajili yangu. Acha nikueleze ya upande huu.

Nilipokuwa nashuka gari la moshi, mkoba wangu ulipotea, na ndani mlikuwa na kile kitabu chekundu cha leseni yangu ya Kenya. Niliripoti polisi, nikakata tamaa. Kumbe kuna mtu mwema aliyekiokota. Alikuta jina langu na sanduku la posta la Emali, lile tuliloandika na marehemu Mutua tulipooana, akakitia kwenye bahasha na kukituma huko. Angejuaje kwamba naishi mji huu huu, kwenye nyumba za wauguzi? Anwani sikuwa nimeibadilisha.

Kioko anasema ulipoifungua bahasha hukukuta barua, ila kitabu chenye picha yangu. Ukamwambia mwenye duka, "Wametuletea vitu vyake. Mwende amekufa." Ulikuwa umemzika mwanao, ukadhani sasa ni zamu yangu. Barua zangu zote zilikuwa zinapitia kwa Kioko, kwa hivyo hukuwa na pa kuniulizia. Basi ukajifunga leso na kusafiri na goti hilo mpaka Matinyani kwa mama yangu. Naye hakuwa amesikia lolote. Kulipokucha Kioko akawapeleka nyote wawili posta ya Kitui kunipigia simu.

Mimi nilikuwa wodini. Nikaitwa ofisini kwa matroni, nikaenda mbio, maana simu ya kutoka nyumbani si ya kawaida.

"Mwende, ni wewe?" Kioko akauliza.

"Ni mimi. Nani amekufa?"

"Hakuna. Tulifikiri ni wewe."

Halafu nikasikia sauti yako. "Sema kitu."

"Mwaitu, ni mimi."

Nikakusikia ukimwambia mama yangu, "Ni yeye," na simu ikakatika. Nilikaa kwenye kiti cha matroni nikalia, naye akafunga mlango ili nisisumbuliwe.

Kitabu mlichonitumia kilifika salama. Nilikipeleka ofisi ya leseni ya hapa, karani akakifungua.

"Wewe unaishi Emali?"

"Hapana, naishi hapa hospitalini."

"Sasa ukipata ajali barabarani, tutabisha mlango gani?"

Amenipa leseni ya hapa, yenye anwani ya hospitali, na nimerudi kuendesha gari la kliniki vijijini. Akina mama wa huko walidhani nimehama.

Matroni naye alitaka jina la mtu wa kujulishwa nikipatwa na jambo. Nikampa mawili, la mama yangu na lako.

"Mama wawili?"

"Ndiyo," nikasema, naye akaandika.

Mwaitu, mimi na Mutua hatukujaliwa mtoto. Ungebaki nyumbani siku ile, hakuna ambaye angekulaumu. Lakini ulitoka kunitafuta. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi, lakini kwa hili namshukuru kila usiku kabla ya kulala.

Nisalimie dada yake Mutua na watoto wake, mwambie kitambaa chake nimekishona. Msalimie mwenye duka, na akina mama wa kanisa waliokuja kunililia pamoja nawe. Waambie wamemlilia mtu anayekula vizuri.

Nikipewa ruhusa Krismasi, nitashukia Emali kwanza, kisha ndipo niende Matinyani. Nilimwandikia mama kumwomba, akajibu kwamba hata yeye ndivyo alivyotaka.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende