Kizibo kiko chini ya kikombe chako

Baba watoto,

Chakula kimo kwenye sufuria, pasheni wenyewe. Tanga nimeshalishona, liko juu ya kabati. Brashi zioshe kabla rangi haijakauka.

Asubuhi pale yadi ulidhani nimekwenda kununua msasa. Nilikuwa chini ya mashua, nimelala chali namalizia rangi, wewe uko juu unamwonyesha mdogo wako pa kukaa. "Shemeji yako atabaki nyumbani. Bahari haiwezi." Wiki zote hizi nimeisugua mashua mpaka viganja vimechubuka. Kusugua naweza, kusafiri ndiyo siwezi.

Nimekwenda kwa dada. ~~Kizibo cha lile tundu la kutolea maji ya mvua nimeondoka nacho, tuone mtafika wapi.~~ Kizibo nimekiacha, kwa sababu wanangu nao watapanda. Kikazeni kwa spana mpaka kigome, la sivyo mtazama hapo hapo gatini. Kila mwaka nakikaza mimi, wewe ukiwa umeshakalia usukani.

Najua hujui hata tundu liko wapi. Lala chali chini ya mashua, pale nilipokuwa mimi, utaliona.

Mama watoto