Fundi wa Mashine za Figo, Aliyemgawia Mkewe Figo Yake

Mwaka umekatika, Baba, tangu moyo wako uliposimama ghafla, na bado ulimi unatuteleza tunasema, "Twende kwa Baba."

Wodini wanakuulizia. Ulikuwa fundi wa mashine zinazosafisha damu, lakini wagonjwa wanakumbuka zaidi maneno yako. Mgeni akiingia anatetemeka, ulimvutia kiti. "Usiogope, ndugu yangu. Zamani figo zikifeli, mtu alirudi nyumbani kuaga. Ikaja mashine kubwa kama kabati, ikamsafisha mtu kutwa nzima. Wakajaribu kupandikiza, mwanzoni ilikubali kwa mapacha wa kufanana tu. Baadaye ndipo zikapatikana dawa za kuubembeleza mwili usimfukuze mgeni. Wewe umezaliwa wakati wake!" Mtu alicheka, na sindano ikapita.

Mama alipougua, ulimpa figo yako moja. Shangazi alipiga kelele weee, ukamjibu, "Si pacha wangu, lakini dawa zipo." Kisha kila asubuhi ulimtilia Mama vidonge kiganjani, ukasimama mpaka avimeze. Alikuita askari jela.

Baba, Mama ni mpweke. Anapika kwenye sufuria ndogo na chakula bado kinabaki. Redio inashinda imewashwa, ili tu pawe na mtu anayeongea. Sisi wanao tunakuja Jumapili, tunajaza sebule, tunaondoka. Tunajua haitoshi.

Miezi michache iliyopita daktari alipima damu yake, akakunja uso. Mwili ulikuwa umeanza kuikataa figo. Kumbe Mama alikuwa anaruka vidonge! Tukamfokea, tukidhani anasahau. Akasema taratibu, "Sisahau. Nikivishika tu, naangalia pembeni, hayupo. Navirudisha."



Alilazwa, dawa zikaongezwa, na figo imetulia. Sasa anameza bila kukosa, ingawa asubuhi ndiyo saa yake mbaya. Juzi tulimsihi ahamie kwetu, asikae peke yake. Akaweka mkono chini ya tumbo, penye kovu.

"Niacheni hapahapa," akasema. "Nina kazi ya kumtunza huyu. Ndiye mume niliyebakiwa naye."

Unakumbukwa na mkeo; wanao Kifungua Mimba, Kidosho na Mziwanda; dada yako, anayekuita Mbishi mpaka leo; wakwe, wajukuu na wenzako wa wodini.

Hutoki mioyoni mwetu, Baba, kamwe.