Rili ya Mzee Ferdinand Hailii Tena

Anjelina, kaka Nikodemu amerudi kutoka Ukonga. Uchumba wake na Blessing umevunjika, na chanzo ni rili ya kuvulia samaki, ile ya kuzungushia mshipi!

Mzee Ferdinand, baba yake Blessing, haoni tena. Alimkabidhi Nikodemu rili yake kuukuu aifanyie sevisi. Juzi Nikodemu aliifungua yote hapa nyumbani, akaosha kila gia kwa mafuta ya taa, akaitia grisi, akaipiga rangi mpya. Ilikuwa inalia tiki-tiki ikizungushwa. Akadhani ni ubovu, akatoa kichuma kinacholia, akakitupa pipani.

Leo mzee ameizungusha. Kimya. Akaizungusha tena. Kimya.

"Hii si yangu. Yangu inalia."

"Baba, ndiyo yenyewe. Nimeitengeneza."

"Mimi sioni, kijana, lakini nasikia. Yangu umeiuza wapi?"

Umeiuza wapi! Nikodemu akamgeukia Blessing amtetee. Blessing akaitazama, akasema polepole, "Hata rangi siyo ile, Niko."

Mzee akamaliza: "Mwambie mshenga wako aje achukue barua yenu ya posa."

Sasa Nikodemu amepiga magoti uani, anapekua pipa la taka, anatafuta kichuma kidogo kama ukucha.

Anjelina, taka za juzi nilizitoa mimi. Gari lilizibeba. Sijamwambia.