Kunde za Susu Ziko Lavington

Susu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na baridi? Mimi ni mzima, na nina habari ya furaha. Jana ofisi ya huku Nairobi ilinituma nipeleke faili kwa mama mmoja wa Lavington, anayepanda mboga za kienyeji nyuma ya nyumba ili mbegu za zamani zisipotee. Unavyonijua, hata kengele ya geti niliiogopa.

Nilimkuta Mzee Wafula, mtunza bustani, aking'oa kunde za chakula cha jioni. Kwenye shina moja aliloling'oa palikuwa na ganda lililokauka. Nikalipasua: punje za madoadoa kama kanga! Ni zile zako, Susu, tulizozipika zote, hata za mbegu, mwaka ule wa njaa.

"Usizing'oe!" nikapiga kelele. Mimi!

"Wacha, madam," akacheka, lafudhi yangu ameshaitambua. "Kwetu kunde ni majani. Nyinyi Wakamba mkingoja punje, mtakula lini?"

Yule mama mwenye nyumba akatoka mbio. Nikajua nimekwisha. Lakini alimgeukia mzee, mikono kiunoni: "Wafula! Kumbe ndiyo maana kila msimu napanda na sivuni hata mbegu moja!"

Mstari uliobaki sasa hauguswi. Lile ganda amenipa, nimelifunga kwenye leso.

Susu, shusha kile kibuyu cha mbegu kilicho juu ya meko, ukitie jivu jipya. Nakuja Jumamosi tuzipande. Mungu akulinde, na umwombe mvua isinitangulie.

Mjukuu wako,
Mwende