Karatasi za Hadhana

Sidab, Maskati
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hamdiya,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na shemeji Mahfoudh hajambo? Mguu wako umepata nafuu? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila magoti yangu ndiyo hayo hayo.

Zakiya, mtoto wa mwanangu Ruqaya, nnamlea mimi tangu arubaini yake. Sasa ana miaka miwili na anakimbia, na mimi kumkimbilia siwezi tena. Ruqaya akaona hana budi aache unesi. Barua ya kuacha kazi alishaiandika, iko ndani ya mkoba wake. Nyumba nzima ilipoa, Hamdiya.

Jumatatu nikamsikia anamwambia mumewe, Humam, kwenye simu: karatasi za hadhana zimepita. Moyo ukanipasuka. Hadhana mimi naijua ya kwenye tamthilia, watu wakiachana wakagombania mtoto mahakamani. Nikavaa buibui langu, nikachukua teksi mpaka Matrah kwa mama yake Humam, nikamsema mwanawe mpaka maneno yakaniishia. Maskini, hakujua lolote, akakaa akalia na mimi.

Kumbe hadhana pia ni pale wanapolelewa watoto wadogo mchana. Ruqaya alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nimebaki na kazi ya kuomba radhi Matrah.

Serikali imefungua moja karibu na hapa, na mama anayefanya kazi inambebea nusu ya ada. Nilikwenda kuikagua mwenyewe, nikitafuta kasoro. Walezi wamesomea kazi yao, kila mmoja na watoto wanne tu, na wanafungua saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya watu wa zamu. Uji wao mwepesi, nimewaambia. Mengine yote yamenikosha roho, sikufichi.

Jana Ruqaya kaichana ile barua mbele yangu. Nikaingia chumbani nikalia, akadhani nnamlilia mjukuu. Wewe tu ndiye unayejua kuwa mimi niliacha ualimu kwa kukosa pa kumweka Ruqaya alipokuwa mdogo. Sijapata kumwambia, asije akajiona ndiye aliyenikatisha kazi. Yeye leo kaamkia kazini.

Nisalimie Hamoud na wanawe. Mungu akupe afya na akukutanishe nami tungali hai.

Dada yako akupendaye,
Masouda